Makaa ya Kwenda Stilrus

Ijumaa, 28 Juni

Athanase ameleta habari wakati nasonga bukari, ugali wetu. Bosi wake wa ulinzi kule Pinetown anatafuta familia ya kwenda kulinda mji. Si ghala, si duka. Mji. Nikauliza ni mji gani huo ambao hauna watu wake wa kuulinda. Akasema ndiyo hivyo, hauna watu. Ulikuwa mji wa mgodi wa almasi, upande ule mwingine wa nchi, jangwani, karibu na bahari ya huko. Almasi zilikwisha, watu wakaondoka, mchanga ukaingia. Sasa wezi wanakuja kung'oa milango na mabomba. Unaitwa Stilrus.

Alilitaja jina kama mtu anayetaja mtoto wake. Baba yake alichimba shaba karibu na Likasi. Athanase kakulia kambini, nyumba zote za kampuni sura moja, king'ora asubuhi, king'ora jioni. Mimi ni mtu wa Uvira. Ziwa mbele, mlima nyuma, mvua juu. Jangwa nimelisoma kwenye Biblia tu, na wale waliopita mle walinung'unika njia nzima.

Bosi anatupa ruhusa twende tukaone. Tukirudi, Athanase anajibu ndiyo au hapana. Akijibu ndiyo, tunahama. Mimi, Deborah wa miaka minne, na Hardy ambaye hajaota meno ya juu na hajalala usiku kucha tangu azaliwe. Tunaiacha Durban. Tunaiacha kwaya. Naacha kiti changu cha kusukia pale saluni West Street, kiti chenye mgongo, ambacho Cathy anakitazama kama paka anavyotazama ndagala. Yeye anasukia kwenye stuli, karibu na choo.

Sitaki.

Lakini siwezi kusema sitaki. Mke akikataa, kesho yake mama mkwe anapiga simu kutoka Likasi kwamba nimemfungia mwanawe njia, na hiyo itasemwa mpaka Hardy aoe. Kwa hiyo hapana lazima itoke mdomoni mwa Athanase mwenyewe. Kazi yangu ni kuisaidia itoke.

Jumamosi, 29 Juni

Nimepata. Nimepata nikiwa katikati ya kichwa cha mteja.

Kwao kwa Athanase iko desturi. Zamani kampuni ilihamisha watu nyumba hii mpaka ile bila kuwauliza, basi wamama wa kambini wakaamua kwamba angalau nyumba yenyewe iulizwe. Mama anawasha moto wa kwanza mlangoni, kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Makaa yanatoka nyumba ya zamani, hayanunuliwi huko mnakokwenda. Njiti moja tu ya kiberiti. Sufuria ya maji inawekwa juu. Maji yakichemka, nyumba imewapokea, mnakunywa chai. Moto ukifa, nyumba imekataa. Mnaishukuru, mnakwenda zenu, na hakuna wa kulaumiwa. Mapasta watatu wamehubiri juu ya jambo hili na Athanase amesema amina, na bado hata hapa Cato Manor tuliwasha moto mlangoni kabla ya kuingiza kitanda.

Hakuna wa kulaumiwa! Nikacheka peke yangu. Mteja, dada Mzulu mwenye kichwa laini, akauliza kuna nini. Nikamwambia sharp, sharp, inamisha kidogo.

Jioni, Athanase akiwa kazini, nikaweka gunia la makaa kwenye beseni la kuogea na kumwagia maji. Makaa yalilia tsss, yakatoa povu, yakanywa. Nikaongeza. Yakanywa tena. Deborah akaja akasimama na kidole mdomoni, akauliza kwa nini naogesha makaa. Nikasema ni machafu. Akaona ni sawa, akaleta sabuni.

Nimeyafunga ndani ya mifuko myeusi ya takataka, halafu ndani ya gunia. Hayatakauka mpaka Yesu arudi.

Kwa usalama, nimeacha pia unga wa bukari nyuma ya mlango. Mwanaume wa Katanga, siku nzima bila bukari, jangwani. Nampa siku mbili.

Jumapili, 30 Juni

Tumeondoka na lori la Dulla. Dulla ni Mtanzania wa Tanga, dereva anayechukua mizigo bandarini na Pinetown, rafiki wa Athanase tangu wakati ule Athanase alipokuwa anachunga magari ya watu ufukweni. Anapeleka mzigo Springbok, mji wa upande uleule wa jangwa, na atasogea mbele kidogo atushushe. Ananiita shemeji, na kila akitaka kuvuta sigara ananiomba ruhusa kama waziri.

Mzigo ni magodoro. Lori zima limejaa magodoro, mapya, bado kwenye nailoni. Mimi nimekaa mbele, magoti kwenye kifua, Hardy analia juu yangu. Nyuma ya shingo yangu kuna vitanda vya kijiji kizima.

Wakati wa kupakia, Athanase alilinyanyua gunia la makaa, akasimama, akalishusha. Akalinyanyua tena. Akanitazama. Nikamwambia umri umefika, Baba Debo. Akasema labda.

Cathy alikuja kutuaga bila kualikwa. Akanikumbatia sana. Akasema ma chère, usiwe na haraka ya kurudi, hewa ya jangwa ni nzuri kwa mapafu. Mkono wake ulinuka mafuta yangu ya nazi, yale ninayoyaficha kwenye droo ya kiti.

Jumanne, 2 Julai

Barabara. Jana barabara, leo barabara. Milima ilibaki nyuma, halafu miti, halafu majani. Dulla anasema huku mtu akipiga chafya wanaitikia wilaya ya pili. Nchi imelala chali na haijajifunika kitu.

Nilikuwa nasinzia macho yakiwa wazi. Niliona nyaya za simu zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, kama mtu anayesuka twende-kilioni bila kuchoka. Niliota nasuka barabara. Nikaamka kwa sababu Hardy alinivuta sikio.

Tumefika jua likizama. Athanase aliteremka kwanza. Alivua kofia.

Jumatano, 3 Julai

Sasa nimeuona mchana, na nauandika kama ulivyo.

Kuna mtaa mmoja mkubwa. Nyumba upande huu, nyumba upande ule, kila moja na baraza yake, na mchanga umefika kabla yetu. Umeingia madirishani. Umekaa vitini. Nyumba nyingine umeijaza mpaka shingoni, unaona paa tu na juu ya mlango. Kuna hospitali ndogo yenye vitanda vya chuma, kila kitanda kimefunikwa shuka la mchanga, limenyooshwa vizuri kuliko nesi yeyote angeweza. Hakuna sauti. Ukisimama, unasikia mchanga ukihama chumba hadi chumba kama mtu mzee anayetafuta miwani.

Mlinzi wa sasa ni Ouma Griet, bibi kizee mdogo mwenye kiko, anakaa iliyokuwa posta. Anahamia kwa binti yake mjini, ndiyo maana kazi iko wazi. Anazungumza Kiafrikaans, mimi sikijui. Athanase anamweleza kwa Kiingereza, yeye anajibu kwa kukohoa. Anacheza karata peke yake na nimemwona kwa macho yangu akijiibia.

Sisi tumepewa nyumba iliyokuwa ya daktari. Haina mchanga, ila chumba cha nyuma. Tumelala tu kama wageni. Moto wa kwanza utakuwa Jumamosi, Athanase amesema, tukishapajua mahali.

Mipango ya leo:

Bukari. Saa ya chakula nikajishika kichwa, nikasema maskini, nimesahau unga Durban. Athanase akaenda kwa Ouma Griet akarudi na unga wa mahindi mweupe, mfuko mkubwa kuliko Hardy. Huku ndio wanaoula asubuhi. Nchi nzima hii imejaa unga wa mahindi, na mimi nimekaa humo miaka yote hii. Alikula mara mbili.

Deborah. Nilimvuta pembeni, nikamwahidi biskuti, nikamwambia amwambie baba kwamba anaogopa mchanga. Akakubali. Dakika hiyohiyo akafungua mlango wa chumba cha nyuma akakuta kilima cha mchanga kimeingia dirishani na kupanda mpaka nusu ya ukuta. Chumba kizima. Ndani ya nyumba. Akanitazama kama vile nilikuwa namficha kitu hiki tangu azaliwe. Alipanda, akateleza, akapanda, mpaka jioni. Baba yake alipomuuliza vipi, alisema, “Naogopa sana,” akaomba biskuti, akapanda tena.

Alhamisi, 4 Julai

Kitu fulani kinanipata na sikipendi.

Asubuhi Athanase alitutembeza. Hajawahi kufika hapa, lakini alikuwa anausoma mji kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Hapa msimamizi, unaona baraza imeinuka. Hapa wasiooa. Hapa wamama walipanga foleni ya mgao, tazama ukuta ulivyolainika kwa migongo. Mbele ya kila mlango alinyanyua mkono kidogo, akasalimia. Kule Durban anasimama getini kutwa nzima na watu wanapita na magari bila kushusha kioo. Hapa anatembea katikati ya barabara, mikono nyuma, na nyumba zote zinamwangalia yeye.

Mwisho wa mtaa iko nguzo ya king'ora. King'ora chenyewe kimekwisha kuibwa. Athanase akasimama chini ya nguzo, akazungusha mikono mdomoni, akakiita. Uuuuuuuu. Sauti ikaingia mlango huu, ikatoka dirisha lile, ikazunguka mtaa mzima, ikaturudia imepoa. Deborah akaita naye. Wakaita wote wawili. Nilimtazama nikakumbuka kijana aliyekuwa ananisindikiza kutoka kwaya, kabla hajanunua viatu vya ulinzi.

Halafu Hardy. Hardy alilala mpaka jua likatoka. Nimeamka mwenyewe, kwa hiari yangu, nikadhani amekufa, nikaweka mkono kifuani mwake. Alikuwa anapumua kama bwana mwenye mashamba.

Nimejiambia ni uchovu wa safari. Mpango unabaki palepale.

Ijumaa, 5 Julai

Mpango haubaki palepale.

Nimelala usiku wa pili mzima. Sasa kichwa changu kina nafasi ndani, nasikia mawazo yangu yakitembea bila viatu. Asubuhi nilikaa barazani na chai. Nikaona kiti changu kitakaa hapa. Si cha saluni, kiti chochote. Nikaona Hardy akijifunzia kutembea katikati ya barabara ambayo haina gari hata moja. Nikaona kamba ya nguo kutoka hapa mpaka hospitalini. Nikajua napataka. Napataka vibaya, kama mjamzito anavyotaka udongo.

Na makaa yamelowa.

Kesho moto wa kwanza. Makaa lazima yawe ya kwetu, na ya kwetu niliyanywesha beseni zima kwa mkono wangu.

Ningemwambia Athanase. Nilikaribia kumwambia. Lakini ningeanzia wapi? Nilijaribu kichwani. Kila sentensi ilianza na “mimi” na ikaisha vibaya. Bora kutengeneza.

Kwanza nilikwenda kwa Ouma Griet kutafuta makaa makavu ya kubadilisha kimyakimya. Nyumba ingejuaje? Kwa sababu hatuna lugha, nilitumia mikono. Nikaonyesha kitu cheusi. Nikaonyesha kukiwasha. Nikapuliza. Akanielewa mara moja, uso ukafunguka, akanishika bega kama dada yangu wa damu, akaniwekea mkononi tumbaku na karatasi ya kuviringishia. Sikuweza kukataa, alikuwa na furaha mno. Athanase alinikuta natoka nayo. Nikasema ni dawa ya meno ya Hardy. Akasema aha.

Basi ikabaki jua. Athanase na Deborah walikwenda kuangalia karakana. Nikayamwaga makaa yote juu ya bati, nyuma ya nyumba. Jua la huku halichezi. Saa sita juu tayari yalikuwa ya kijivu. Nikayageuza kama mtu anayegeuza ndagala. Moja nililigonga, likalia kama kigae. Yangekauka. Naandika hivi ili ijulikane: yangekauka.

Nikaingia chumba cha mchanga kumpumzisha Hardy kidogo. Kidogo tu. Nilitandika kitenge chini, penye kivuli. Paa lina mbao zilizoachana, na mwanga unaingia kwa mistari, na mistari inatembea. Rangi ya ukuta ni kijani cha zamani, kama maji ya ziwa asubuhi kabla wavuvi hawajayachafua. Mchanga ulikuwa na joto kwa ndani. Ulinishika mgongo wote, kila mfupa na shimo lake. Nikafikiri, mgongo wangu una mtu wa kuubeba. Nikafikiri nitageuza makaa baada ya mstari ule kufika mlangoni. Mstari ulikuwa unatembea vizuri. Nilimwona mama yangu akipita na ndoo, hakuniita. Hakuna aliyeniita. Mji mzima na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu.

Nilipoamka hapakuwa na mistari. Hapakuwa na ukuta. Chumba kilikuwa cheupe. Nilidhani ndiyo mbinguni na nikashangaa ni baridi hivi. Halafu nikasikia Athanase akiita nje, na sauti yake ilikuwa ndani ya pamba.

Ukungu. Unatoka baharini, Ouma Griet amemwonyesha Athanase kwa mikono, unakuja ukitaka na unaondoka ukitaka. Jangwa ambalo halina mvua lina ukungu unaodondoka. Kila kitu kilikuwa kinatiririka. Paa. Kamba. Hardy kwenye nyusi.

Makaa yalikuwa yanang'aa kama macho ya samaki.

Nimeyarudisha kwenye gunia. Mikono yangu myeusi mpaka kwenye viwiko. Athanase aliitazama mikono. Hakuuliza. Anazidi kuwa mtu wa kutouliza, itabidi nimchunguze.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika haraka.

Tulikaa mlangoni wote. Ukungu bado. Deborah amevaa gauni la kanisani. Ouma Griet amekuja na kikombe chake. Athanase alivaa shati ambalo sikujua amelibeba, lile la harusi ya mdogo wake. Hapo ndipo moyo uliniuma.

Nilipanga makaa kama mama mkwe alivyonifundisha, madogo chini, mwanya katikati. Chini kabisa nikaficha karatasi zote za tumbaku, pamoja na tumbaku. Njiti moja. Nikaomba. Niliomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kidogo kwa Kizulu.

Karatasi ikashika. Moto ukapanda, mzuri, wa rangi ya machungwa, Deborah akapiga makofi. Harufu ya kiko ikajaa mtaa mzima. Ouma Griet alivuta pumzi ndefu akafumba macho. Halafu makaa yakasema tsss, sauti ileile ya kwenye beseni. Nilipuliza. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Nilipepea kwa kanga, kwa sahani, kwa kofia ya Athanase. Moshi ukatoka, ukatazama nje, ukaona ukungu, ukajiunga nao.

Maji hayakupata hata uvuguvugu. Hardy aliingiza mkono ndani akacheka.

Athanase alichuchumaa akaliangalia jiko kwa muda. Halafu akasimama akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, akaishukuru nyumba kwa lugha ya kwao. Akaniambia nisilie, moshi umeniingia. Kumbe nilikuwa nalia.

Jumatatu, 8 Julai

Barabara tena. Dulla anarudi na lori tupu. Ameacha magodoro yote Springbok. Anasema shemeji sasa nyuma kuna nafasi ya kucheza mpira.

Watoto wamelala kwenye kitanda cha dereva, nyuma ya viti. Athanase akasema, macho barabarani, bila hasira:

“Lile gunia lilikuwa zito tangu Durban.”

Nikageuka nikamfunika Hardy, ambaye alikuwa amefunikwa tayari.

“Nimebeba makaa tangu niko mtoto, Mama Debo. Makavu mtu anabeba kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi.”

Dulla alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanya mtihani wa leseni.

Athanase akasema haikumuuma sana. Alingoja tu nimwambie. Alingoja Harrismith, akangoja Kimberley, akangoja chini ya nguzo ya king'ora. Ningemwambia hapana, ingekuwa hapana, na mama yake angepiga simu na yeye angeipokea. Tukapita kituo cha mafuta. Halafu:

“Mahali umepamwagia maji kabla hujapaona, mimi siwezi kukupeleka.”

Ilikuwa nafasi yangu. Barabara imenyooka, watoto wamelala, mume ananisubiri. Kilichotakiwa ni neno moja. Napataka. Ninalo hapa kwenye ulimi hata sasa.

Lakini nilifikiri. Nikisema leo napataka, na Jumamosi ile nyingine nilipamwagia maji, nitaonekana mwanamke asiyejua akili yake ameiweka wapi. Na yeye atakuwa ameshinda mara mbili kwenye barabara moja. Nikasema kioo chake kifungwe, upepo unaingia.

Akakifunga.

Jumatano, 10 Julai

Durban. Kelele zote ziko palepale, hakuna hata moja iliyopotea. Jirani wa juu anasogeza meza. Teksi zinapiga honi mpaka zimefika robot, taa za barabarani, na zinaendelea. Hardy aliamka mara tu alipoona ngazi za nyumba yetu, na hajafumba jicho.

Saluni. Cathy alikuwa kwenye kiti changu, mteja amekaa, droo iko wazi. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Bloemfontein. Lakini nilipomwona nikahisi mchanga mgongoni. Nikamwambia kaa tu, dada, mimi nitachukua stuli. Akainuka haraka. Akakikagua kiti juu, akakikagua chini, akauliza nimekiwekea nini. Nikasema hakuna kitu. Hakukaa tena siku nzima. Kiti kimebaki wazi, sisi wawili tumesimama.

Usiku uliopita nimefikiri, na sasa naona kila kitu wazi. Kosa langu halikuwa kupanga. Kosa lilikuwa kupanga upande usiofaa. Kama niliweza kumfanya Athanase aikatae Stilrus, naweza kumfanya aikatae Durban. Neno lazima litoke mdomoni mwake mwenyewe. Tuhame, Mama Debo. Na mimi nitainamisha kichwa niseme haya, mume wangu, kama ndivyo unavyotaka.

Ijumaa, 12 Julai

Nimewaalika kwaya wafanyie mazoezi sebuleni kwetu. Wote, na ngoma. Nimemwalika pia shemeji Ruphin, mdogo wake Athanase, aje akae nasi, na tarumbeta lake. Mtu anayerudi kutoka kusimama getini kutwa akakuta hayo, usiku huohuo anatafuta jangwa.

Jana jioni Athanase alirudi, akavua viatu vya ulinzi, akaimba besi. Alipiga makofi mpaka jirani wa juu akashuka, na jirani naye akaimba. Kumbe ana sauti nzuri. Mwalimu wa kwaya amesema sebule yetu ina mwangwi mtamu, watakuja kila wiki. Ruphin ameuliza kama anaweza kukaa mpaka Krismasi.

Haya ni mambo madogo. Mpango mkubwa unaendelea vizuri. Nilinunua makaa mapya, makavu, nikayapitisha nyumba hii ili yahesabike ni ya kwetu, nikayaanika kibarazani kwenye jua ili yawe makavu zaidi. Nimemwambia Deborah asimwambie mtu. Safari hii, jinsi moto utakavyowaka, Stilrus itaomba maji.

Nilimuuliza Athanase, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama amekwisha kumpigia bosi kumpa jibu. Akasema bado, simu haina chaji. Simu ilikuwa ukutani, inachaji, imejaa. Wanaume hawaoni vitu.

Halafu leo mchana mvua ikanyesha bila kutangaza. Nilikimbia kutoka West Street mpaka stendi, nikapanda teksi, nikakimbia tena kutoka stendi mpaka nyumbani, nikijua nimekwisha. Kibarazani hapakuwa na gunia. Nimelikuta chini ya kitanda chetu, upande wangu, limefunikwa koti zito la ulinzi la Athanase. Kavu kabisa. Nilibeba kwa mkono mmoja.

Yeye, leo hana zamu, alikuwa jikoni anamlisha Hardy. Alinitazama nikidondosha maji, akangoja, kama mtu anayengoja neno. Nikasema mvua hii. Akasema ndiyo, mvua hii.

Bahati iliyoje. Amekuwa msafi ghafla, anaondoa vitu njiani bila hata kuangalia ndani. Hajui lolote.